Laptopu Inakuuliza Tarakimu 48? Soma Hapa Kabla Hujakubali Ifomatiwe

Wateja wetu wengi wa biashara hupokea malipo kwa simu, lakini hesabu zenyewe huziweka kwenye laptopu. Orodha ya wadeni, stoki ya duka, michango ya chama, taarifa za tili za kila mwezi: zote ziko humo. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na siku hizi daftari la wengi ni faili ya Excel.

Ndiyo maana leo tunaongea kuhusu tatizo ambalo si la simu. Unawasha laptopu, na badala ya picha uliyozoea unakuta skrini ya buluu imeandikwa "BitLocker recovery", inataka uandike tarakimu 48. Hujawahi kuziona. Hukumbuki kuweka kitu kama hicho. Fundi wa karibu anakwambia, "Hii tutafomati tu, iishe."

Ngoja kwanza. Kuna mambo mawili ungependa kuyajua kabla ya kumjibu.

La kwanza, pesa yako haijafungwa. Salio lako na rekodi za malipo yaliyopitia kwetu haziko ndani ya laptopu. Laini yako na PIN yako zinaendelea kufanya kazi kama kawaida.

La pili, data yako bado iko. Iko yote, nzima, ila imefungwa. Itakachoipoteza si ile skrini ya buluu. Itapotea pale mtu mwenye haraka atakapokubali diski ifutwe kabla ya kutafuta ufunguo. Kwa hivyo somo zima la leo ni moja: tafuta ufunguo kwanza, mengine baadaye.

Kufuli hili ni la kazi gani?

Nenosiri unaloandika ukiingia kwenye kompyuta ni kama mlango wa mbele wa duka. Linamzuia anayepitia mlangoni. Lakini mwizi wa laptopu hana haja na mlango. Anafungua skrubu za chini, anatoa diski, anaichomeka kwenye kompyuta nyingine na kusoma faili zako moja baada ya nyingine. Nenosiri lako halimsumbui hata kidogo.

Usimbaji fiche wa diski nzima unaziba hiyo njia. Kila kinachoandikwa kwenye diski kinavurugwa kwa hesabu, na bila ufunguo kinabaki mchanganyiko usio na maana. Mwizi atauza chuma, lakini majina, nambari za simu na nambari za vitambulisho vya wateja wako hatazipata.

Kwenye Windows, kufuli hili linaitwa BitLocker. Kwenye Windows za toleo la Home utalikuta kwa jina la "Device encryption", lakini mashine ya ndani ni ile ile. Kompyuta za Mac zinatumia FileVault, na Linux nyingi hutumia LUKS.

"Lakini mimi sikuwasha kitu kama hicho!" Inawezekana kabisa. Laptopu nyingi za sasa hujifunga zenyewe mara tu mtu anapoingia kwa akaunti ya Microsoft. Kuanzia toleo la Windows 11 la mwaka 2024, lile la 24H2, kompyuta nyingi zaidi zinazowekewa mfumo upya hufanya hivyo bila kukuuliza. Ufunguo wa akiba, ule ambao skrini inauita "recovery key", hutumwa kwenye akaunti hiyo ya Microsoft. Kumbuka hapo kwenye neno akaunti, tutarudi hapo.

Mbona jana haikuuliza?

Ndani ya laptopu kuna chipu ndogo iitwayo TPM. Ifikirie kama soja wa getini. Yeye ndiye anayeshika ufunguo wa kila siku. Kila unapowasha mashine, anaangalia sura za wanaoingia: programu ya kuwashia, mipangilio ya BIOS, na mambo mengine ya mwanzo kabla Windows haijaamka. Akiona ni wale wale wa jana, anafungua kimya kimya na wewe hujui hata kama kulikuwa na kufuli.

Sasa sura ikibadilika, anakataa. Hata kama aliyebadilika ni wewe mwenyewe na umenyoa tu ndevu, yeye hataki stori. Anadai ufunguo wa akiba. Si kosa, ndiyo kazi aliyopewa, kwa sababu mwizi naye angekuja na sura tofauti.

Mambo yanayobadilisha sura mara nyingi ni haya:

- BIOS imesasishwa, au imerudi kwenye mipangilio ya kiwandani.
- Mipangilio ya "Secure Boot" imeguswa.
- Bodi kuu ya laptopu imebadilishwa. Soja wa zamani ameondoka na ufunguo wake, huyu mpya hakujui.
- Diski imehamishwa kutoka laptopu moja hadi nyingine.
- Mtu amejaribu kuiwasha mashine kwa flashi au diski ya nje.
- Umewasha ikiwa imechomekwa kifaa ambacho hakikuwepo siku zingine.

Wakati mwingine hata wewe hujagusa kitu. Masasisho ya usalama ya Windows yaliyotolewa tarehe 9 Julai 2024 yalifanya baadhi ya kompyuta ziamke zikiuliza ufunguo wa BitLocker. Microsoft wenyewe walikiri tatizo hilo, na masasisho ya Agosti mwaka huo yakalirekebisha.

Siku kumi tu baadaye, tarehe 19 Julai, sasisho bovu la programu ya usalama ya CrowdStrike liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 duniani. Hilo lilikuwa tatizo lingine, si la BitLocker. Lakini dawa yake ilikuwa kuingia kwenye mashine na kufuta faili moja, na kwenye diski zilizofungwa mara nyingi mafundi walilazimika kwanza kuandika zile tarakimu 48, kompyuta moja baada ya nyingine. Aliyejua funguo zake ziko wapi alimaliza mapema. Asiyejua alianza kuzitafuta katikati ya moto.

Cha kufanya, hatua kwa hatua

*1. Acha kugusa.* Usibonyeze chochote kinachosema "Reset" au "Remove everything". Usiingize flashi ya kuweka Windows. Usikubali mtu abadilishe mipangilio ya BIOS kwa kubahatisha, kwa sababu kila badiliko jipya linaweza kuongeza sababu ya soja kukataa.

*2. Chomoa vitu vya nje, uwashe tena.* Toa flashi, kadi ya kumbukumbu, diski ya nje na printa. Zima kabisa, kisha washa. Kama kilichomshtua soja ni kifaa, huenda ikafunguka yenyewe. Na kama BIOS iliguswa na unajua nini hasa kilibadilishwa, kirudishe kilivyokuwa.

*3. Piga picha ya skrini kwa simu.* Kwenye skrini hiyo kuna mstari wa "Recovery key ID". Hiyo ni nambari ya utambulisho, yaani jina la ufunguo, si ufunguo wenyewe. Unaihitaji kwa sababu mtu mmoja anaweza kuwa na funguo tano za kompyuta tano, na ni moja tu inayofaa hapa.

*4. Tafuta kwenye akaunti ya Microsoft.* Tumia simu. Andika anwani hii wewe mwenyewe kwenye kivinjari: aka.ms/myrecoverykey. Ingia kwa barua pepe uliyotumia wakati laptopu inawekwa. Utaona orodha ya vifaa, nambari za utambulisho na funguo zake. Linganisha herufi 8 za kwanza za utambulisho na zile za kwenye picha yako. Zikifanana, umepata.

*5. Haipo? Jaribu akaunti nyingine.* Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa mapema. Jiulize: ni nani aliyeiwasha laptopu hii mara ya kwanza? Ufunguo hufuata akaunti iliyotumika siku hiyo, haumfuati mwenye laptopu. Basi zunguka hivi:

- Barua pepe yako ya zamani, ile ya Outlook au Hotmail uliyofungua ukiwa chuoni.
- Akaunti ya mume, mke, mtoto au mfanyakazi aliyekusaidia kuiweka.
- Akaunti ya kazini au shuleni. Hapo ufunguo hushikwa na ofisi ya kompyuta ya taasisi hiyo, kwa hivyo waulize wao.
- Akaunti ya fundi au muuzaji. Kuna mafundi ambao huweka barua pepe yao wenyewe ili kumaliza haraka. Mpigie umuombe aangalie, na akiupata, asome ukiandika.

Kwa laptopu ya mtumba, iliyotumika ng'ambo kabla ya kufika kwako, swali ni nani aliyeweka Windows ya mwisho kabla hujainunua. Mara nyingi ni duka lililokuuzia, kwa hivyo tafuta risiti na uanzie hapo.

*6. Tafuta kwenye makaratasi na flashi.* Windows humruhusu mtu kuchapisha ufunguo au kuuhifadhi kama faili. Faili hiyo huanza na maneno "BitLocker Recovery Key", ikifuatwa na nambari ya utambulisho. Tafuta kwenye flashi za zamani, barua pepe ulizojitumia mwenyewe, bahasha ya waranti, na picha za zamani kwenye simu.

*7. Andika tarakimu polepole.* Ufunguo una makundi 8, kila moja tarakimu 6. Makundi haya yana ujanja mzuri: kila moja likigawanywa kwa 11 halibakishi kitu. Kwa hivyo ukikosea tarakimu moja, kompyuta inatambua kuwa kundi lile si halali na inakuambia, haingoji ufike mwisho. Kama inakubali makundi yote lakini haifungui, basi huenda umeshika ufunguo wa kompyuta nyingine. Rudi ulinganishe utambulisho.

Kama kibodi ina vibonye vya nambari vilivyoharibika, chomeka kibodi ya nje ya waya. Kwenye skrini hiyo unaweza pia kutumia vibonye vya juu: F1 hadi F9 ni 1 hadi 9, na F10 ni sifuri.

Imefunguka! Sasa usikimbie

Kabla ya kurudi kwa wateja, fanya mambo matatu.

Kwanza, nakili faili zako muhimu kwenye diski ya nje au kwenye hifadhi ya mtandaoni. Sasa hivi, si jioni.

Pili, hakikisha ufunguo unaoshika ndio huo wa sasa. Fungua "Command Prompt" kama msimamizi, andika `manage-bde -protectors -get C:` kisha bonyeza Enter. Ule mlolongo wa tarakimu 48 utaonekana. Uandike kwenye karatasi.

Tatu, angalia kama inauliza tena kila unapowasha. Ikiwa hivyo, soja bado anashikilia sura ya zamani. Inabidi umtambulishe upya. Andika `manage-bde -protectors -disable C:`, kisha `manage-bde -protectors -enable C:`. Amri ya kwanza inasimamisha ulinzi kwa muda bila kufungua diski nzima, na ya pili inaurudisha huku soja akisoma sura mpya. Usiishie kwa ya kwanza. Wakati ulinzi umesimamishwa, ufunguo unakaa wazi kwenye diski yenyewe, ni kama kufunga duka na kuacha funguo kwenye kitasa.

Ujanja huo huo utumie mapema. Fundi akitaka kusasisha BIOS, simamisha ulinzi kwanza kwa amri ya kwanza, acha afanye kazi yake, kisha hakikisha ulinzi umerudi. Kuona hali ilivyo, andika `manage-bde -status` usome mstari wa "Protection Status".

Na kama ufunguo haupatikani kabisa?

Hapa tutasema ukweli hata kama unauma. Bila ufunguo, diski iliyofungwa vizuri haifunguki. BitLocker kwa kawaida hutumia ufunguo wa biti 128. Idadi ya funguo zinazowezekana ni nambari yenye tarakimu 39. Hakuna kompyuta ya kujaribu zote, si hapa, si ng'ambo. Microsoft hawawezi kukutengenezea ufunguo mwingine, na sisi pia hatuwezi: hatuna ufunguo wako na hatujawahi kuwa nao.

Kwa hivyo mtu akikuambia, "Lete elfu kumi, nina programu ya kuvunja BitLocker," muulize swali moja: utanirudishia faili zangu, au utaifanya laptopu iwake tu? Kuifanya iwake ni rahisi, anafuta kila kitu na kuweka Windows mpya. Hiyo si kufungua. Hiyo ni kuchoma duka ili kupata kiwanja.

Lakini hata hapa hujaishiwa. Fanya hivi:

- Usifute ile diski. Kama uwezo upo, nunua diski nyingine, weka Windows kwenye hiyo mpya, na ile ya zamani ihifadhi kwenye bahasha ukiwa umeandika nambari yake ya utambulisho. Ufunguo ukijitokeza miezi sita baadaye, kompyuta yoyote ya Windows inaweza kuifungua diski hiyo kwa zile tarakimu 48. Ukiifuta leo, ufunguo ukipatikana kesho haukusaidii.
- Tafuta nakala zilizo nje. Angalia OneDrive na Google Drive. Angalia barua pepe ulizotuma zikiwa na viambatisho. Angalia WhatsApp, maana kama ulimtumia mhasibu au mweka hazina wa chama ile faili ya Machi, ya Machi unayo.
- Jenga upya kutoka kwa taarifa za malipo. Malipo yaliyopita kwenye tili yako yana rekodi upande wetu. Omba taarifa ya kipindi unachotaka na uanzie hapo. Haitakupa orodha ya wadeni wasiolipa, lakini itakupa kila aliyelipa, siku aliyolipa na kiasi. Ukiweka kando ya vitabu vya risiti, nusu ya daftari inarudi.

Ikiwa tatizo ni diski yenyewe

Wakati mwingine ufunguo ni sahihi lakini diski ni mgonjwa. Dalili ni kama kutoa mlio wa kugonga-gonga, kuchukua nusu saa kuwaka, au kuonekana leo na kupotea kesho. Hapo, kila unapoiwasha unaimaliza. Izime.

Windows ina chombo kinachoitwa `repair-bde` kinachoweza kuokoa data kutoka kwenye diski ya BitLocker iliyoharibika kiasi. Kinahitaji vitu viwili: ufunguo wa akiba, na diski nyingine yenye nafasi sawa au kubwa zaidi, ambayo kila kilichomo kitafutwa. Kama hujazoea amri za kuandika, mpe fundi unayemwamini. Hakikisha anaokoa kwenye diski nyingine, hajaribu kurekebisha juu ya ile ile.

Wenzetu wa Mac na Linux

Kwenye Mac, FileVault hufunguka kwa nenosiri lako la kila siku. Ukilisahau, kuna njia mbili kulingana na ulivyochagua siku ya kuwasha: akaunti yako ya Apple, au ufunguo wa akiba wa makundi 6 ya herufi na tarakimu 4. Kama ulichagua ufunguo na ukaupoteza, hadithi ni ile ile ya juu.

Kwenye Linux yenye LUKS hakuna akaunti ya mtandaoni inayokuwekea ufunguo. Ni wewe na fungu lako la maneno. Kabla hujakata tamaa, angalia kama Caps Lock imewaka, na kama kibodi imebadilika lugha, maana alama kama @ huhama mahali bila wewe kuona. Mwanzoni mwa diski kuna sehemu ndogo iitwayo "header" inayobeba funguo zote. Ikiharibika, hata fungu sahihi la maneno halifungui. Kwa hivyo itolee nakala kwa amri ya `cryptsetup luksHeaderBackup` na uiweke nje ya kompyuta hiyo.

Matapeli wanapenda siku kama hii

Mtu aliyechanganyikiwa ni rahisi kudanganywa. Kuwa macho na haya:

- Skrini ya BitLocker haina nambari ya simu ya kupiga. Ukiona dirisha lenye king'ora na nambari ya "msaada wa Windows", huo ni utapeli. Lizime.
- Usitafute "huduma ya kufungua BitLocker" kwenye mitandao ya kijamii kisha ukatuma pesa kabla ya kazi.
- Mtu akipiga akidai anatoka kwetu, kwamba laptopu yako imefungwa na anahitaji PIN yako ili kuifungua, kata simu. PIN ya pesa na ufunguo wa diski havijuani kabisa. Sisi hatuulizi PIN, iwe laptopu imefungwa au iko wazi.
- Ukimpa fundi ufunguo wa akiba, umempa duka zima. Ukiweza, uandike mwenyewe ukiwa hapo.

Basi si heri nizime tu hili kufuli?

Tunaelewa kwa nini ungeuliza. Lakini fikiria upande wa pili. Kama una orodha ya wateja, majina, simu na vitambulisho vyao, wewe ni mtunzaji wa data za watu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inasema data ikiangukia mikononi mwa asiyehusika na kukawa na hatari ya kweli ya madhara kwa wenyewe, Kamishna wa Data anapaswa kuarifiwa ndani ya saa 72 tangu ujue, na wenye data nao waambiwe. Sheria hiyo hiyo inatambua usimbaji fiche: ulinzi wa kutosha ukiwa ulikuwepo, hulazimiki kuwaarifu wateja mmoja mmoja.

Laptopu ikiibwa kwenye matatu, tofauti ya diski iliyofungwa na isiyofungwa ni tofauti ya kupoteza mashine na kupoteza imani ya wateja wako wote. Kufuli libaki. Kinachohitajika ni ufunguo wa akiba uwe mahali unapojulikana.

Dakika kumi za leo

Kama laptopu yako inawaka vizuri sasa hivi, wewe ndiye tuliyemwandikia zaidi. Fanya haya kabla hujafunga ukurasa:

1. Andika `manage-bde -status` uone kama diski imefungwa.
2. Ikiwa imefungwa, toa ufunguo kwa ile amri ya `manage-bde -protectors -get C:`.
3. Ingia aka.ms/myrecoverykey kwa simu uone kama ufunguo huo upo kwenye akaunti yako, si ya fundi.
4. Uandike kwenye karatasi mbili pamoja na nambari ya utambulisho. Moja iweke nyumbani na vyeti vya maana, nyingine kwa mtu unayemwamini. Usiweke karatasi hiyo ndani ya begi la laptopu, mwizi atakushukuru.
5. Usiuhifadhi ndani ya laptopu hiyo hiyo. Utakuwa umefungia ufunguo ndani ya nyumba.
6. Nakili faili za biashara nje ya kompyuta, na upange siku ya kurudia. Mwisho wa wiki baada ya kufunga hesabu ni siku nzuri.
7. Ikiwa ni laptopu ya chama, watu wawili wajue ufunguo uko wapi. Mweka hazina anaweza kuugua au kusafiri, na mikutano haingoji.

Ukimaliza, mtumie makala hii yule mwenzako wa duka la jirani ambaye hesabu zake zote ziko kwenye laptopu moja. Ni heri ausome leo akiwa ametulia kuliko siku ambayo skrini imegeuka buluu.